Bafeli: mwongozo kamili wa kuitambua, kuilisha na kuidhibiti

Kuna nyasi ambayo Mkamba akiiona kando ya shamba huiita ndata kivumbu na kuwafungulia ng'ombe. Nyasi hiyohiyo ikionekana kwenye vilima vya Tucson, Arizona, watu hupanda na mitaimbo kwenda kuing'oa, shina baada ya shina. Jina lake la kitaalamu ni Cenchrus ciliaris. Waaustralia na Wamarekani huiita buffel. Hapa nitaandika bafeli, ndivyo linavyotamkika.

Kwao ni Afrika, Uarabuni, hadi India. Ilifika Australia bila kualikwa katika karne ya 19, na inaaminika kwamba ilikuwa ndani ya matandiko ya ngamia, kwa sababu masuke yake laini yalitumika kujazia. Baadaye ilialikwa rasmi: aina iitwayo Biloela, inayopandwa sana Queensland, jimbo la Australia, chimbuko lake ni Dodoma, na Gayndah ilitoka Kenya. Mwaka 2005 jimbo la Arizona liliiweka kwenye orodha ya magugu hatari, na mwaka 2015 jimbo la Australia Kusini nalo likaitangaza kuwa gugu. Wakati huohuo Queensland wanaendelea kunenepesha ng'ombe kwa nyasi hiyo.

Kwa hiyo swali la "je, bafeli ni nzuri au mbaya?" halina jibu mpaka useme umesimama wapi, na ni mwezi gani. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo: kwanza uijue tabia yake, kisha uamue, ndipo tuje kwenye mbegu, malisho na namna ya kuiondoa pale isipotakiwa.

Hatua ya kwanza: itambue kwa mkono

Usianze na majani, maana nyasi nyingi zina majani kama haya. Anza na suke. Suke la bafeli limejaa kama kidole, urefu wake ni sentimita 2 hadi 14, na limefunikwa na vinyweleo laini. Likiwa changa huwa la zambarau au kijivu, likikomaa hugeuka rangi ya makuti makavu.

Lishike kwa chini, kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha vuta kuelekea juu. Vijimbegu vyote vitachomoka na kukujaa kiganjani kama sufi. Kinachobaki ni kijiti chembamba, kimepindapinda, na ukikipapasa kinakwaruza. Kijiti hicho kinachokwaruza ndicho kitambulisho chake. Vinyweleo vyenyewe havichomi. Ukichomwa, huenda umeshika ndugu yake, Cenchrus biflorus, mwenye vijimbegu vya miiba.

Sasa shuka chini. Shina hupinda goti kwenye vifundo, na pale linapoingia ardhini limevimba kidogo kama kitunguu kichanga. Hiyo ndiyo ghala yake ya chakula. Urefu hutegemea aina: Gayndah ni fupi na laini, Biloela ni ndefu na majani yake yana rangi ya kijani inayoelekea samawati. Kwa ujumla utaikuta kati ya sentimita 20 na mita moja na nusu.

Hatua ya pili: elewa kwa nini inashinda

Mizizi yake hufika mita mbili chini, na wakati mwingine huzidi. Jua likiwaka wiki nyingi juu hukauka, lakini ile ghala ya chini haijafa. Mvua ikinyesha, machipukizi hutoka shinani na hata kwenye vifundo vya mashina makavu ya mwaka jana, ndani ya siku chache tu, kabla majirani zake hawajaamka.

Mbegu zake nyingi hufanyika bila yai kurutubishwa, hivyo kila mbegu ni nakala ya mama. Shina moja lililodondoka na lori linatosha kuanzisha ukoo. Upepo huzibeba, maji huzibeba, manyoya ya kondoo, soksi, na zaidi ya vyote magari na mitambo ya kuchonga barabara. Ndiyo maana ukiingia eneo ambalo bafeli ni mgeni, utaiona kwanza kwenye ukingo wa barabara, kisha kwenye korongo, kisha mlimani.

Halafu kuna moto, na hapa ndipo ugomvi wenyewe ulipo. Fungu la bafeli likikauka ni kuni. Huungua kwa joto kali, kisha huchipua upya kama hakuna kilichotokea. Kwenye jangwa la Sonora, linalounganisha Arizona na Meksiko, mimea kama ule mpungate mrefu wa saguaro haikuwahi kuzoea moto, kwa sababu zamani ardhi kati ya mmea na mmea ilikuwa tupu na moto haukupata njia. Bafeli inajaza ile nafasi tupu. Moto ukipita mara moja, saguaro hufa na bafeli huongezeka. Nyasi ikiongezeka, moto unaofuata huwa mkubwa zaidi.

Tabia hizohizo zitazame kwa jicho la mfugaji: nyasi isiyokufa kwa kiangazi, inayochipua mapema, inayovumilia meno na kwato. Hakuna sifa ya malisho hapo iliyo tofauti na sifa ya gugu.

Hatua ya tatu: amua kama inafaa mahali ulipo

Bafeli hupendelea mvua za milimita 300 hadi 750 kwa mwaka. Inataka udongo mwepesi au wa kati, wa kichanga kiasi, usio na tindikali, wenye fosforasi ya kutosha. Udongo wenye tindikali na aluminiamu nyingi huidumaza. Udongo mfinyanzi mweusi unaopasuka nao ni mgumu kwake kuanza, na mahali panapotuama maji kwa muda mrefu huoza mizizi. Baridi ya kugandisha huua majani ya juu.

Sehemu ya pili ya uamuzi si ya udongo. Kama uko nje ya maeneo ya asili yake, na upande wa pili wa uzio kuna hifadhi au pori lisilozoea moto, usiipande. Hapo mimi sioni mjadala, hata kama ng'ombe wana njaa, kwa sababu mbegu haijui uzio. Na pale sheria ilipoitangaza kuwa gugu, mjadala umeshafungwa.

Ukiwa ndani ya makao yake ya asili hali ni nyingine kabisa. Hapo unairudisha nyumbani kwenye ardhi iliyochakaa. Hata hivyo usiipande peke yake. Ichanganye na wenzake waliozoeana nayo: Eragrostis superba, ambayo Wakamba huiita mbeetwa, na Enteropogon macrostachyus, yaani nguu. Ikipata shamba peke yake itakupa malisho mengi, lakini mwaka ambao mdudu au ugonjwa wa majani utaingia, utakosa vyote kwa mpigo.

Hatua ya nne: mbegu, na kosa langu

Mara yangu ya kwanza nilivuna mbegu kwa mikono yangu, nikazianika wiki mbili, mvua ilipoanza nikazipanda. Nilisubiri mwezi mzima nikiangalia udongo mtupu. Nilimshuku mchwa, nikawashuku ndege. Kumbe mbegu zilikuwa zimelala. Mbegu ya bafeli iliyotoka kuvunwa haioti vizuri; inahitaji kukaa ghalani miezi sita hadi kumi na miwili, mahali pakavu, kwenye gunia linalopitisha hewa. Basi mbegu ya msimu huu ni ya kupanda msimu unaokuja.

Jambo la pili: unachokiona kama mbegu ni ganda la vinyweleo, na maganda mengi hayana kitu ndani. Chukua machache, yasugue kati ya viganja mpaka vinyweleo vidondoke, kisha bonyeza kwa ukucha. Ukikuta punje ngumu ya kahawia, iko mbegu. Ikibonyea kama karatasi, ni pumba. Kagua maganda hamsini hivi na uhesabu, utashangaa.

Kisha jaribu kuotesha. Weka maganda 100 juu ya karatasi au kitambaa chenye unyevu, funika, yaweke mahali pa joto, usiache pakauke. Baada ya wiki mbili hesabu yaliyoota. Usitegemee 90 kama mahindi. Yakiota 30 una mbegu ya kupanda, yakiota 10 ongeza kiasi mara tatu au tafuta nyingine. Kupanda bila jaribio hili ni kucheza bahati nasibu na mvua, na mvua haitakusubiri ujaribu tena.

Hatua ya tano: kupanda

Ardhi iliyochakaa huwa na gamba gumu juu. Mbegu ikitua juu ya gamba itapeperushwa au kusombwa. Lipasue kwa plau ya ng'ombe, ukifuata mkingamo wa mteremko ili kila mfereji ukamate maji. Kwenye mteremko mkali zaidi, makinga maji ya nusu duara, uwazi wake ukitazama juu, hufanya kazi nzuri zaidi. Si lazima ulime eneo lote. Mistari iliyoachana mita moja inatosha, nafasi iliyobaki nyasi itaijaza yenyewe.

Panda siku chache kabla ya mvua kuanza, au mara tu inapoanza. Kilo mbili hadi tano kwa hekta zinatosha kulingana na jaribio lako la kuotesha. Vile vinyweleo hufanya mbegu zishikane na zisimwagike vizuri, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu au samadi iliyosagika, kisha nyunyiza kwa mkono ndani ya mfereji. Zifunike kidogo mno, sentimita moja tu. Wengi hupotezea hapa: wanafukia kama maharage. Tawi la mwiba likiburutwa juu ya mifereji linatosha kabisa.

Mifugo isiingie msimu wa kwanza. Iache nyasi itoe masuke na kumwaga mbegu. Kabla ya kufungua lango fanya jaribio la kuvuta: shika fungu la majani kama ulimi wa ng'ombe unavyoshika, vuta kwa nguvu. Majani yakikatika, mizizi imeshika. Mmea ukija wote mkononi, funga lango.

Hatua ya sita: lisha kwa tarehe

Ukiuliza bafeli ina protini kiasi gani, utapewa jibu la 6% hadi 16% ya uzito mkavu. Watu hulichukulia kama jibu la wastani. Ni majibu mawili tofauti. Ile 16 ni jani changa baada ya mvua. Ile 6 ni shina lililokomaa na kupauka, na likiendelea kusimama hushuka zaidi. Vijidudu vya tumbo kuu la ng'ombe vinahitaji malisho yenye protini ya kama 7% ili vifanye kazi; chini ya hapo ng'ombe hula kidogo, hata akiwa amesimama kwenye nyasi za kumfika tumboni. Ndiyo unaona mifugo inakonda katikati ya malisho mengi, na mwenyewe anasema nyasi hii haina nguvu. Ilikuwa na nguvu, wiki sita zilizopita.

Kwa hiyo anza kulisha nyasi ikiwa na majani mengi, kabla masuke hayajatoka au yanapoanza tu kuchungulia. Toa mifugo ikibaki kimo cha sentimita 10 hadi 15. Usiiruhusu ikwanguliwe hadi udongoni, kwa sababu ghala iko palepale chini ya shina. Ipumzishe mpaka majani yarudi, na ni bora kuwa na vipande vitatu vinavyopokezana kuliko kimoja kikubwa kinacholiwa kila siku.

Pima ulicho nacho kabla ya kuamua idadi ya mifugo. Tengeneza fremu ya mita moja kwa mita moja, itupe sehemu kumi bila kuchagua, kata nyasi iliyomo kwa kimo cha sentimita 10, anika mpaka ikauke kabisa, pima, tafuta wastani. Tuseme umepata gramu 200 kwa mita ya mraba. Hiyo ni tani mbili kwa hekta. Nusu iache kwa ajili ya ardhi na uchipukaji, ibaki tani moja. Ng'ombe wa kilo 250 hula takriban kilo 6 za malisho makavu kwa siku. Hekta hiyo basi ni ng'ombe mmoja kwa siku 160 hivi, au ng'ombe kumi kwa siku 16. Mvua ikiwa nzuri na udongo ukiwa na rutuba, bafeli hutoa hadi tani tisa, lakini usipange kwa mwaka mzuri.

Shamba likizeeka mavuno hushuka hata mvua ikiwa ileile. Queensland wanalijua vizuri tatizo hili: miaka inavyopita, naitrojeni nyingi hufungwa kwenye mizizi na mabaki makavu, isipatikane kwa majani mapya. Dawa inayodumu ni kuchanganya na mikunde ya malisho, kama Stylosanthes au lusina, ambayo pia humwongezea ng'ombe protini wakati nyasi imepauka.

Hei

Kata nyasi masuke yanapoanza kutoka, asubuhi umande ukishakauka. Geuza mara mbili kwa siku, na jua likiwa kali siku mbili au tatu zinatosha. Shika konzi ya nyasi uisokote: ikitoa unyevu au shina likipinda bila kuvunjika, bado. Ukifunga mbichi itachemka ndani na kuota ukungu. Hei nzuri ya bafeli ina rangi ya kijani na harufu tamu; ile ya manjano, yenye mashina matupu, ni matandiko ya zizi tu hata muuzaji akisema nini.

Tahadhari ya farasi, punda na kondoo

Bafeli ina oksaleti, ambayo hukamata kalisi (kalsiamu) ya chakula na kuizuia isiingie mwilini. Ng'ombe na mbuzi waliokomaa na waliozoea huimudu, kwa sababu vijidudu vya tumboni huivunja. Farasi na punda hawana tumbo hilo. Wakiishi kwa bafeli peke yake miezi kadhaa, mwili huanza kuchota kalisi kwenye mifupa: wanachechemea, wanakonda, na mifupa ya uso huvimba pande zote mbili. Wachanganyie malisho mengine, na uwape madini yenye kalisi na fosforasi. Kondoo nao, hasa wachanga au waliotoka safari na njaa, wasifunguliwe ghafla kwenye chipukizi mbichi. Washibishe kwanza kitu kingine.

Hatua ya mwisho: kuiondoa pasipotakiwa

Kufyeka hakusaidii, kuchoma ni kuifanyia hisani. Malisho peke yake hayaimalizi. Kinachofanya kazi ni kung'oa na kurudi.

Kwa mafungu yaliyotawanyika, tumia mtaimbo au sururu. Ingiza ncha pembeni ya fungu, nyanyua mpaka usikie mizizi ikikatika, toa kile kitunguu cha chini chote. Mizizi mirefu iliyobaki haichipui. Kilichovimba kikibaki kinachipua. Kung'uta udongo, urudishie shimoni na uukanyage. Kama kuna masuke, yaweke kwanza kwenye mfuko, taratibu, kabla hujaligusa shina, la sivyo utakuwa umepanda unachong'oa.

Kwa eneo kubwa watu hutumia glaifoseti, dawa ya kuua magugu, na hapa wengi hupoteza pesa. Dawa hii huingia kupitia jani la kijani. Ukipulizia nyasi iliyopauka umeosha mabua. Subiri mvua, na mmea ukiwa na nusu au zaidi ya majani yake kijani, pulizia. Kwenye nchi kavu siku hizo ni chache, kwa hiyo vifaa viwe tayari kabla wingu halijajikusanya. Fuata maelekezo ya kibandiko, vaa kinga, na usipulizie karibu na maji.

Anza na mashina ya pembeni yaliyo peke yake, kisha ingia kwenye kundi kubwa. Kundi kubwa halitahama, lakini lile shina moja juu ya korongo litamwaga mbegu bonde zima.

Mbegu zilizobaki udongoni zinaweza kuishi kama miaka minne. Weka alama kila ulipong'oa, jiwe lililopakwa rangi linatosha. Baada ya kila mvua ya kwanza ya msimu, acha siku kumi zipite, kisha zunguka na jembe dogo. Miche itakuwa na majani mawili matatu na itang'oka kwa vidole viwili. Ukichelewa mpaka iote masuke, anza kuhesabu miaka minne upya.